Yaliyopita Bado ni Ndwele

Jumamosi moja alasiri niliketi ndani ya matatu mjini Kitale nikingoja abiria watimie, tushike njia ya Kiminini, Kamukuywa na Kimilili kuelekea Bungoma. Nje ya dirisha langu alisimama mhubiri kijana, kipaza sauti mkononi, suti yake imejaa vumbi la stejini. Alikuwa akihubiri juu ya moto wa milele. Hakuhubiri kwa ujumla, bali aliwaelekea watu mmoja baada ya mwingine: msukuma mkokoteni aliyenuka chang'aa, msichana aliyevaa sketi fupi, na mama muuza vitunguu ambaye kosa lake, kwa kadiri nilivyoelewa, lilikuwa kuuza vitunguu badala ya kusimama kusikiliza. Mama huyo hakujibu neno. Alipomaliza kuwahudumia wateja wake alifungua fundo la leso, akatoa sarafu ya shilingi 20, akaitia katika kikapu cha mhubiri na kurudi kwenye kiti chake.

Siku iliyofuata nilihudhuria ibada katika kanisa moja mjini Bungoma, ambako palikuwa na harambee ya kuezeka jengo jipya. Mgeni wa heshima alikuwa mtu ambaye jina lake haliachi kutajwa kila watu wanapozungumzia viwanja vya umma vilivyopata wenyewe usiku. Sitamtaja, maana hajapatikana na hatia mahali popote. Mahubiri ya siku hiyo yalikuwa juu ya rehema. Tuliambiwa kwamba Mungu wetu si karani wa mahakama, kwamba haweki daftari la makosa, na kwamba anayechokora yaliyopita anafanya kazi ya Ibilisi. Kisha mgeni akatoa fedha za mabati 200, na kanisa zima likasimama kumshangilia.

Nilirudi Kitale na swali ambalo halijaniacha hadi leo. Ikiwa Mungu wa stejini na Mungu wa kanisani ni mmoja, mbona hukumu yake yote imemwangukia muuza vitunguu na rehema yake yote ikapewa kiti cha mstari wa mbele?

Sisemi haya kwa kuwadhihaki wahubiri. Mimi mwenyewe nimelelewa kanisani, na sina elimu ya theolojia ila ile aipatayo mtu kwa kuketi kwenye benchi miaka mingi. Lakini naona kwamba katika sehemu hizi zetu tumeigeuza Injili juu chini. Tumewapa hukumu watu wasiokuwa na cha kurudisha, na tumewapa rehema wale walio na mengi ya kurudisha, tena kabla hawajarudisha hata kimoja.

Yamkini sehemu ya kosa hili tuliirithi. Marehemu Profesa John Mbiti, mwanatheolojia mashuhuri wa Kenya aliyefariki mwaka wa 2019, alichapisha mwaka wa 1971 kitabu kuhusu mambo ya mwisho jinsi yalivyohubiriwa na wamishonari miongoni mwa Wakamba. Alionyesha kwamba waumini walizipokea picha za moto na za mji wa mbinguni kama zilivyo, neno kwa neno, kwa sababu hivyo ndivyo walivyofundishwa. Picha ikachukua nafasi ya fundisho. Huku kwetu magharibi hali haikuwa tofauti sana. Marafiki, yaani Waquaker, waliofika Kaimosi mwaka wa 1902 na baadaye kueneza kazi yao hadi Lugulu, na mapadre wa Kikatoliki waliojenga Kibabii, walileta shule na zahanati kwa juhudi tusizoweza kuzikana. Hata hivyo, mtoto wa shule ya Jumapili aliyeulizwa maana ya hukumu alijibu kwa neno moja: moto.

Wakristo hawajapata kukubaliana juu ya moto huo. Origeni wa Aleksandria, katika karne ya 3, alitumaini kwamba mwishowe viumbe vyote vingerudishwa kwa Mungu. Kanisa likaja kuyakataa mafundisho hayo. Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka wa 430, alishikilia kwamba adhabu ya waovu haina mwisho. Wote wawili walikuwa wana wa bara hili la Afrika, jambo ambalo wale wanaodhani mjadala huu uliletwa kwa meli kutoka Ulaya wangefaa kulikumbuka. Nami sitajaribu kuamua baina ya wazee hao. Swali langu ni dogo zaidi na liko karibu nasi zaidi: hukumu ya Mungu ni habari mbaya kwa nani?

Mtu akiisoma Biblia bila haraka ataona kwamba watu waliongojea hukumu kwa hamu kubwa ni wale waliodhulumiwa. Damu ya Habili ndiyo iliyolia kutoka ardhini. Kaini hakuomba kesi isikilizwe. Mjane yule katika mfano wa Yesu alimwendea kadhi dhalimu siku baada ya siku, akidai haki dhidi ya adui yake hadi kadhi akachoka. Na nabii Amosi, mchungaji wa kondoo, aliwatangazia hukumu wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Msomaji aliyepata kununua mahindi sokoni Kitale anamwelewa Amosi bila kuhitaji ufafanuzi. Kuna gorogoro zima, na kuna gorogoro ambalo kitako chake kimegongwa kwa ndani hata likapoteza viganja viwili vya mahindi. Tuko katika ghala la nchi hii, na bado kuna mama anayerudi nyumbani na mahindi pungufu. Kwa mama huyo, habari kwamba yuko Mungu anayekagua vitako vya magorogoro si tishio hata kidogo. Ni faraja.

Sehemu hii yetu imewahi kuwa na sauti zilizoielekeza hukumu juu badala ya chini. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa mchezaji hodari wa kandanda kabla ya kuongoza Dini ya Msambwa, aliwatangazia wakoloni kwamba wakati wao umekwisha. Wakoloni wakamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Hata serikali ya uhuru haikumstahimili mzee huyo, ilimfunga pia. Mtu anaweza kuyakataa mafundisho yake, nami nayakataa mengi, lakini hakupata kumtisha muuza vitunguu. Halafu kuna Askofu Alexander Muge wa Kianglikana, ambaye dayosisi yake ya Eldoret wakati huo ilijumuisha Kitale. Aliwakemea wanyang'anyi wa mashamba bila kuogopa uso wa mtu. Mnamo Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai. Askofu alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 mwezi huo akafa katika ajali ya barabarani alipokuwa njiani kurudi Eldoret. Mengi yamesemwa juu ya ajali hiyo, na siyaongezi mimi.

Mwaka mmoja baadaye nchi ikashika moto. Mapigano ya ardhi yalianza Meteitei, Nandi, mwezi wa Oktoba 1991, na kabla ya mwaka mpya kuchanua yalikuwa yameenea hadi Trans Nzoia na miteremko ya Mlima Elgon. Endebess, Kwanza, Saboti na Cheptais ni majina ambayo watu wa umri wangu hawawezi kuyasikia bila kuona moshi. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka wa 1993 watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa kote nchini na wengine 300,000 kufukuzwa makwao. Viwanja vya makanisa mjini Kitale na katika wilaya ya Bungoma viligeuka kambi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Bw. Kennedy Kiliku ilichunguza na kutoa ripoti mwaka wa 1992. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza tena mwaka wa 1998. Ripoti yake ikafichwa hadi mwaka wa 2002.

Jeraha likafunikwa bila kuoshwa. Mwaka wa 2006, kufuatia ugomvi juu ya ugavi wa ardhi katika mpango wa makazi wa Chebyuk, lilizuka kundi la wapiganaji lililojiita Sabaot Land Defence Force. Kwa hesabu ya mashirika ya haki za binadamu, kundi hilo liliua watu zaidi ya 600, na wengine likawakata masikio. Mwezi wa Machi 2008 jeshi lilitumwa mlimani kwa jina la Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana kwa maelfu walikusanywa na kupelekwa kambi ya Kapkota; wengi waliteswa, na wapo ambao hawakuonekana tena. Kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, aliuawa mwezi wa Mei mwaka huo. Basi mwanamke wa mlimani aliweza kuwa mjane mara mbili kwa maana fulani: wa kwanza akichukuliwa na wanamgambo, na wa pili, labda mwanawe, akichukuliwa na wale waliokuja kumwokoa.

Shirika la IMLU, ambalo huwatetea watu walioteswa, liliipeleka serikali ya Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha likidai kwamba haikuwachunguza wala kuwashtaki waliotenda maovu hayo. Mwaka wa 2011 majaji wa kwanza waliruhusu kesi iendelee. Mwaka wa 2012 kitengo cha rufaa kikaamua kwamba kesi imechelewa. Mkataba wa Jumuiya unamtaka mlalamishi afike mbele ya mahakama katika muda wa miezi 2.

Miezi 2! Sina ugomvi na majaji. Sheria waliyopewa ndiyo waliyoisoma. Lakini hebu mfikirie mama wa Cheptais anayemtafuta mwanawe kutoka kambi hadi kituo, kutoka kituo hadi chumba cha maiti. Miezi 2 haimtoshi hata kukubali kwamba mwanawe amekufa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza ushahidi katika eneo hilo mwaka wa 2011 na kumkabidhi Rais ripoti mwezi wa Mei 2013. Mwezi wa Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha Bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioumizwa. Msamaha uliombwa na watu wakaupigia makofi. Hazina wakaambiwa waisubiri.

Hapo ndipo fundisho la hukumu ya mwisho linapoacha kuwa picha ya moto ukutani. Maana yake, kwa mwanamke yule, ni kwamba kuna mahakama moja isiyo na miezi 2, ambamo jalada halipotei na shahidi hahongwi. Anayemnyang'anya imani hiyo kwa jina la Mungu wa upendo hamfanyii upendo wowote. Anamwambia kwamba yaliyompata hayakuwa na uzito hata mbinguni.

Nchi hii ina methali inayotumiwa vibaya kuliko zote: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Nimeisikia kwenye mikutano ya kisiasa, kwenye mazishi na, kwa masikitiko, madhabahuni. Msomaji, hebu angalia ni nani huitamka. Sijamsikia hata mara moja aliyechomewa nyumba akiianzisha. Huanzishwa na aliyekula, akimwambia aliyeliwa. Mimi nami nilikuwa mpenzi mkubwa wa methali hiyo, na sina budi kueleza sababu, maana si haki kuwasema wengine ilhali paa langu linavuja.

Nilikuwa na umri wa miaka 9 mwaka wa 1992. Nyumba yetu, upande wa Trans Nzoia, ilikuwa ya nyasi. Mapigano hayakutufikia, tulisikia tu, na tukawaona watu wakipita na magodoro kichwani. Kabla ya mvua za mwaka huo baba alileta mabati kwa gari la kukokotwa na ng'ombe, akamwita fundi, na nyumba yetu ikang'aa kijijini. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, nayo fundi aliyaziba kwa lami. Kila bati, kwa upande wa ndani, lilikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wa mtu mwenye mwandiko mzuri. Nyumba haikuwa na dari. Usiku, taa ya kibatari ikiwaka, nililala chali nikizisoma herufi hizo, bati kwa bati, hadi usingizi ukanichukua. Nilipomwuliza baba maana yake, aliniambia ni alama ya kiwanda.

Danieli alimsomea mfalme Belshaza maandishi yaliyotokea ukutani. Mimi nilikuwa na maandishi yangu juu ya kitanda kwa miaka 10, na hapakuwa na Danieli wa kunisomea.

Baba aliugua mwaka wa 2016. Alipojua kwamba hatapona aliniita, akawatoa wengine nje, akaniambia kwamba zile herufi zilikuwa za jina la mwalimu mmoja aliyekuwa na shamba upande wa Endebess. Mwalimu huyo na familia yake walikimbilia Bungoma usiku, na siku chache baadaye madalali waliuza paa lake kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Baba alimfahamu mwalimu. Alizitambua herufi. Alinunua hata hivyo, kwa hoja kwamba asiponunua yeye atanunua mwingine. Na kinachozidisha aibu ni hiki: mwalimu yule alikuwa mwenzetu, wa lugha yetu na tohara yetu. Tumezoea kuyasimulia mapigano yale kama jambo la kabila na kabila, lakini wachomaji walipokwisha kuchoma walifuata wanunuzi, na wanunuzi walikuwa wa kila kabila, wakiwemo mashemasi. Baba alikuwa mmoja wa mashemasi hao. Alikufa wiki 3 baadaye. Alizikwa kwa nyimbo, na aliyehubiri alisema kwamba marehemu hakuwa na deni la mtu.

Kati ya Wabukusu kuna desturi iitwayo kumuse, ambapo siku chache baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, msemaji maalumu husimama mbele ya umati, akatembea huku na huko na kueleza historia ya ukoo, akionya na kukaripia, wala hakuna anayeruhusiwa kumkatiza. Wakati wa mazishi ya baba nilishukuru kwamba familia yetu haikuwa na daraja la kufanyiwa heshima hiyo. Niliogopa ukweli. Nilijiambia kwamba damu ya Yesu husafisha yote na kwamba yaliyopita si ndwele. Nilikaa na kauli hizo miaka 2.

Aliyenitoa katika usingizi huo ni Zakayo. Nilikuwa nimekisikia kisa chake tangu utotoni, kwa sababu ya ule mti, maana watoto hupenda habari ya mtu mfupi juu ya mti. Sikuwa nimetilia maanani hesabu yake. Bwana hakumtaka kwanza alipe. Aliingia nyumbani mwake, akala chakula chake, na watu wakanung'unika. Rehema ilitangulia. Lakini ilipokwisha kuingia, mwenye nyumba alisimama mwenyewe, bila kusukumwa, akataja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Ndipo ikatangazwa kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Rehema haikufuta daftari. Ilimpa mdaiwa nguvu ya kulifungua. Tangu hapo nimeona kwamba hukumu na rehema si mawakili wawili wanaoshindana mbele ya kiti cha Mungu, mmoja akitaka tufungwe na mwingine tuachiliwe. Rehema ni hukumu inayotufikia kabla hatujachelewa kurudisha.

Nakubali kwamba yapo mambo yasiyorudishika, na hapa hoja yangu ya mabati inafika ukingoni. Bati hurudishwa, sikio halirudishwi, wala mwana. Tena wako vijana wa mlimani waliotiwa katika kundi lile kwa nguvu, wakilazimishwa kuchagua baina ya kuua na kuuawa. Hao watarudisha nini, na wamrudishie nani? Marafiki wa sehemu za Mlima Elgon wamewahi kuwaketisha pamoja, katika warsha za siku kadhaa, waliotenda na waliotendewa, kila mmoja akasimulia yake mbele ya mwenzake. Namheshimu sana mtu anayeweza kuketi katika duara hilo, upande wowote. Ninachokiona ni kwamba hata huko hawaanzi na kusahau. Huanza na kusimulia. Na wapo wanaotoka humo bila kusamehe, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Nabii Yona alikasirika hadi kutamani kufa alipoona Ninawi imesamehewa, na tumezoea kumcheka. Lakini Ninawi ulikuwa mji wa Waashuri, waliokuja kuiangamiza Israeli ya kaskazini. Nadhani Yona alikuwa na jamaa waliojua upanga wao. Mungu hakumpiga kwa hasira yake. Alimwotesha mmea wa kivuli, kisha akazungumza naye kwa maswali.

Mwaka wa 2018 nilimtafuta mwalimu. Alikuwa amefariki. Mjane wake alikuwa hai, akiishi kwa mwanawe upande wa Chwele, katika kipande cha shamba kisichotosha mahindi ya mwaka. Nilifika asubuhi, nikakaribishwa kama mgeni yeyote, nikapewa kiti chini ya mparachichi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi mazuri njiani, na nusu yake yalikuwa maneno ya Biblia. Nilipofika kwenye mabati yote yalinitoka. Nilisema tu, "Kukhu, paa la nyumba yenu liko kwetu."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mangapi?"

"Yaliyobaki ni 16."

"Yalikuwa 24," alisema. "Mwalimu aliyanunua kwa mkopo wa ushirika. Aliandika jina lake kwenye kila kitu, hata kwenye mpini wa jembe. Mimi nilimcheka nikamwambia, nani ataiba paa?"

Akauliza habari za baba. Nilimweleza kwamba alikufa, na kwamba alikiri kabla ya kufa. Nilingoja aseme amemsamehe, na naona haya kukiri kwamba nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu Kitale, kama mtu anayengoja risiti. Hakulisema. Alisema, "Huyo sasa ni wa Wele. Mimi sina kesi naye. Wewe ndiye uliyekuja kwangu."

Tukahesabu. Hakutaka mara nne, alinicheka nilipoitaja. Alitaka mabati 24 mapya, kwa kuwa jiko la mwanawe lilikuwa la nyasi na mvua zilikuwa karibu, na alitaka misumari yake, na kofia za pembeni. Alitaka niyalete mwenyewe, si kwa kutuma mtu, na niyalete mchana, majirani waone. Hilo la mchana lilinichoma zaidi ya gharama. Akaongeza jambo moja: miongoni mwa yale mabovu, nimletee moja, lile ambalo herufi zake bado zinasomeka vizuri. Sikumwuliza ni la nini. Msichana wa nyumbani akaleta chai, tukanywa.

Nilipeleka mapya kwa pikapu ya kukodi siku ya Jumanne, saa sita mchana, na majirani waliona. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti kama mimi ni wa mradi fulani, na kukhu akamjibu kwamba la, mimi ni mtu anayelipa. La zamani sikuwa nimeling'oa kwa wakati, basi nililipeleka Jumamosi iliyofuata. Pale stejini Kitale mhubiri alikuwepo, na mama muuza vitunguu alikuwepo. Makanga alilitazama bati, akatazama kutu na lami na matundu yake, akaniambia kwamba kitu kama hicho kitawararua abiria, ni lazima kifungwe juu ya keria kwa kamba. Tulibishana kidogo. Mwishowe alinitoza nauli ya mtu mzima kwa bati moja bovu, nami nikalipa.